Limevunjika, Limevunjwa au Vimelivunja? Uhakiki wa Masimulizi ya Uhamaji wa Vyuo Vikuu katika Mashirikisho ya Michezo ya Marekani

1.0 Utangulizi

Tarehe 4 Agosti 2023, kwa siku moja, vyuo vikuu vitano vya magharibi mwa Marekani vilikubaliwa kuhamia mashirikisho mengine ya michezo. Oregon na Washington vilielekea Big Ten, ilhali Arizona, Arizona State na Utah vilielekea Big 12. Kabla ya hapo, tarehe 30 Juni 2022, USC na UCLA vya Los Angeles vilikwishatangaza kuhamia Big Ten, na Colorado ikafuata njia yake mwezi Julai 2023. Tarehe 1 Septemba 2023, Stanford na California vilialikwa ACC, shirikisho ambalo jina lake kamili linataja pwani ya Atlantiki. Hivyo, kati ya wanachama kumi na wawili wa Pac-12 walisalia wawili tu, Oregon State na Washington State, vyuo viwili vya miji midogo.

Makala haya hayana lengo la kueleza upya tukio hilo. Linalohakikiwa ni namna linavyosimuliwa: katika taarifa rasmi za vyuo, katika maandishi ya wachambuzi wa michezo na katika maombolezo ya mashabiki. Neno shirikisho linatumika hapa kwa maana ya kundi la vyuo vinavyoshindana kwa ratiba moja, vinavyouza haki zao za matangazo kwa pamoja na vinavyogawana mapato. Sehemu mbili za mwisho za fasili hiyo ndizo ambazo masimulizi mengi huziacha nje, na kuachwa huko ndiko kulikomshawishi mwandishi kuandika.

2.0 Vitenzi na Watenda

Msamiati rasmi wa tukio hili nchini Marekani hulitaja kama kazi ya kupanga mstari upya, kana kwamba kulikuwa na safu iliyopinda na mtu mwema akainyoosha. Anayejaribu kuuleta msamiati huo katika Kiswahili hukumbana mara moja na tatizo ambalo lugha chanzi humruhusu kulikwepa, kwa kuwa mofolojia ya kitenzi chetu humdai msemaji achague. Shirikisho limevunjika: kauli ya kutendeka, haina mtenda, kama kikombe kilichoteleza mezani. Shirikisho limevunjwa: kauli ya kutendwa, mtenda yupo ila amefichwa. Vyuo vimelivunja shirikisho: mtenda anasimama mbele ya kitenzi na anaweza kuulizwa.

Taarifa za kuondoka zilizotolewa na vyuo kati ya mwaka 2022 na 2023 zina mwelekeo wa kauli ya kwanza. Mazingira yamebadilika, hali ya michezo inageuka, uthabiti unahitajika. Mazingira ndiyo mtenda mkuu wa matini hizo, na mazingira hayaitwi mahakamani. Magazeti nayo huelekea zaidi kauli ya pili: shirikisho limevunjwa na televisheni, au na pesa. Hatua hiyo ni bora kidogo, lakini bado inamweka kando aliyetia saini.

Upo ushahidi kwamba suala hili si la kisarufi tu. Mwaka 2023 Oregon State na Washington State vilifungua kesi katika mahakama ya wilaya ya Whitman, jimbo la Washington. Kanuni za Pac-12 zilisema kwamba mwanachama anayetoa notisi ya kujitoa kabla ya tarehe 1 Agosti 2024 hupoteza nafasi yake katika bodi. Vyuo kumi vilivyokuwa vimetangaza kwenda kwingine vilidai kwamba bado ni wanachama, kwa sababu kuondoka kwenyewe kungekuwa mwaka uliofuata. Kwa maneno mengine, mgogoro ulikuwa kati ya *wameondoka*, *wanaondoka* na *wataondoka*, na juu ya viambishi hivyo vitatu iliwekwa akiba ya mamilioni ya dola. Novemba 2023 mahakama ilitoa zuio la muda lililowapa wawili waliobaki mamlaka ya bodi; Desemba mwaka huo Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa kuupitia uamuzi huo, na pande zote zikafikia makubaliano. Mwandishi hafahamu mfano mzuri zaidi wa mahali ambapo njeo ya kitenzi imegharimu kiasi hicho.

3.0 Jina Lisilohesabu

Jambo la pili ni majina. Big Ten, yaani Kumi Kubwa, ilikuwa na wanachama 11 baada ya kuikubali Penn State mwaka 1990, na wachoraji wa nembo yake wakaificha tarakimu 11 katika nafasi za herufi, mithili ya mtu anayeficha mgeni chumbani asionwe na mwenye nyumba. Leo ina wanachama 18. Big 12 iliwahi kuwa na wanachama 10 wakati ambapo Big Ten ilikuwa na 12, na sasa ina 16. ACC ina vyuo viwili vya California ambavyo huchungulia bahari nyingine kabisa, na chuo cha Dallas ambacho hakichungulii bahari yoyote.

Ni rahisi kucheka, na wengi wamecheka. Hata hivyo, kicheko hicho kinapoteza hoja. Katika taaluma ya majina tunafundishwa kwamba jina la mahali au la ukoo hubeba maana ya asili, kisha matumizi huifuta maana hiyo polepole bila mtu kukusudia. Hapa ufutaji umekusudiwa. Jina limetenganishwa na idadi na jiografia ili libaki kuwa mali ya kuuzwa: Agosti 2022 Big Ten ilitangaza mikataba ya miaka saba na Fox, CBS na NBC, ambayo iliripotiwa kuzidi dola bilioni 7. Anayenunua hanunui vyuo kumi. Ananunua Jumamosi za mashabiki waliozoea kulisikia jina hilo tangu utotoni. Kwa hiyo, kulibadili jina ili lilingane na ukweli kungekuwa kuipunguza bidhaa thamani.

4.0 Maombolezo na Mipaka Yake

Dhidi ya lugha hiyo ya kibiashara limeinuka kundi la waombolezaji. Hoja yao ni kwamba palikuwa na utamaduni, ujirani na utani wa jadi baina ya vyuo, kisha tamaa ikaingia ikaharibu. Mashindano kati ya Washington na Washington State, yaliyoanza mwaka 1900, ndiyo mfano wao wa kila mara. Mwandishi anawaonea huruma, lakini hawezi kuwafuata hadi mwisho.

Kwanza, historia haiwaungi mkono kama wanavyodhani. Shirikisho la Pwani ya Pasifiki, ambalo Pac-12 hulihesabu kuwa chimbuko lake, liliundwa Portland mwaka 1915 na kuvunjwa na wanachama wake wenyewe mwaka 1959, baada ya kashfa za malipo ya siri kwa wachezaji. Lililofuata lilianza na wanachama watano tu, na Washington State na Oregon State walikuwa miongoni mwa walioachwa nje kwa miaka kadhaa. Kuachwa nje si jambo geni kwao. Ni sura ya pili ya kisa kilekile. Chuo Kikuu cha Chicago, mwasisi wa Big Ten, kilijitoa mwaka 1946. Waombolezaji, kwa hakika, wanaulilia utulivu wa kizazi kimoja au viwili na kuuita asili.

Pili, na hili ni zito zaidi, zama wanazozitamani zilisimama juu ya udhibiti. Hadi mwaka 1984 chama cha kitaifa cha michezo ya vyuo, NCAA, ndicho kilichoamua ni michezo mingapi ya futiboli ya Kimarekani itaonyeshwa na kwa bei gani. Bodi ya Chuo Kikuu cha Oklahoma na chama cha michezo cha Chuo Kikuu cha Georgia vilikishitaki, na tarehe 27 Juni 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba mpango huo ulikiuka sheria za ushindani. Mmoja wa majaji wawili waliopinga alikuwa Byron White, ambaye ujanani alikuwa nyota wa futiboli katika chuo cha Colorado. Alionya dhidi ya kuutazama mchezo wa vyuo kama biashara ya kawaida. Uamuzi huo ulivipa vyuo haki ya kuuza matangazo yao, navyo baadaye vikaikabidhi kwa mashirikisho. Tangu hapo kila uhamaji mkubwa unaeleweka vizuri ukianzia kwenye tarehe hiyo kuliko ukianzia kwenye tabia ya mtu. Itoshe kutaja kwamba Julai 2024, miaka arobaini kamili baadaye, Oklahoma ilijiunga na SEC, shirikisho ambalo Georgia ni mwasisi wake. Walalamikaji wawili wa 1984 sasa wanakaa meza moja.

Kwa upande mwingine, wachezaji waliojaza viwanja katika zama hizo za utulivu hawakulipwa. Suluhu ya kesi iliyoruhusu vyuo kugawana mapato na wachezaji moja kwa moja iliidhinishwa na mahakama Juni 2025, baada ya ramani kuchorwa upya. Masimulizi ya maombolezo yanayataja mambo haya mawili kana kwamba ni ugonjwa mmoja, pesa. Hayako sawa. Chuo kuhama ili kupata sehemu kubwa zaidi ya mapato, na mchezaji kudai sehemu ya alichokizalisha, ni vitendo vyenye watenda tofauti na haki tofauti, na uhakiki usiotenganisha viwili hivi hauna budi kurudi mezani.

5.0 Asiyetajwa: Mkimbiaji wa Pullman

Lipo jambo moja ambalo waombolezaji wana haki nalo, ingawa hawalitilii mkazo. Wanaandika juu ya futiboli, mchezo ambao timu yake husafiri kwa ndege ya kukodi mara chache kwa msimu. Mzigo wa ramani mpya umewaangukia wengine: wachezaji wa voliboli, wa mpira wa laini, wa soka la wanawake, ambao kutoka Seattle hadi New Jersey wana zaidi ya kilomita 3,500 na mtihani Jumatatu asubuhi. Na umeiangukia riadha.

Hapa ndipo kisa hiki kinapomgusa msomaji wa Kiswahili bila kulazimishwa. Mwaka 1978 Henry Rono, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi wa Washington State mjini Pullman, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Mbili za mwisho zilivunjwa Vienna na Oslo. Mbili za kwanza hazikuhitaji pasipoti: mita 5,000 huko Berkeley tarehe 8 Aprili kwa dakika 13:08.4, na mita 3,000 kuruka viunzi na maji huko Seattle tarehe 13 Mei kwa dakika 8:05.4. Berkeley na Seattle ni makao ya vyuo vya California na Washington, wanachama wenzao wa shirikisho lilelile. Yaani nusu ya miujiza ile ilitendeka kwa majirani, katika mashindano ya kawaida ya vyuo, wakati ambapo ujirani huo ulikuwa ratiba na si kauli ya matangazo. Mwaka mmoja kabla yake Samson Kimobwa, naye wa Pullman, alikuwa ameweka rekodi ya mita 10,000. Julius Korir, bingwa wa Olimpiki wa 1984, na Bernard Lagat walipita hukohuko.

Rono alifariki Nairobi Februari 2024. Vyuo kumi viliondoka rasmi Agosti mwaka huohuo. Katika matini ambazo mwandishi amezisoma kuhusu kuvunjwa kwa Pac-12, jina lake halimo. Katika tanzia zake, shirikisho halimo. Matukio mawili ya mwaka mmoja, yenye mahali pamoja, yameandikwa na watu wasiosomana.

Juni 2025 Washington State ilitangaza kupunguza riadha yake: michezo ya kurusha na kuruka iliondolewa, mbio fupi na za viunzi zikabanwa, mbio ndefu zikabakizwa. Sababu za kifedha zilitajwa. Mtu anaweza kusema kwamba urithi wa Rono umenusurika, kwa kuwa kilichobakizwa ndicho alichokifanya yeye. Mwandishi haoni faraja hiyo. Mkimbiaji wa mbio ndefu ni nafuu: hahitaji uzio wa kisahani, mkeka wa kurukia wala kocha wa fito. Aliyebakizwa kwa sababu ni nafuu yuko katika hali tofauti na aliyeitwa kwa sababu ni bora, na kijana wa Nandi anayepewa udhamini leo anastahili kujua yuko katika hali ipi. Aidha, mrusha mkuki na mruka chini hawakuhama popote, hawakutia saini mkataba wowote wa matangazo, na sasa hawana timu. Katika kitenzi *limevunjika* hawapo kama watenda, na taarifa rasmi haziwataji hata kama watendwa.

Hali ya UTEP, chuo alichosoma Mtanzania Suleiman Nyambui kabla na baada ya medali yake ya fedha ya Moscow 1980, inahitaji utafiti wake pekee. Chuo hicho kiliachwa katika shirikisho la WAC wakati wenzake wanane walipojitenga mwaka 1999 na kuanzisha Mountain West; kuanzia Julai 2026 kinaingia Mountain West hiyohiyo, kujaza nafasi za wanaohamia Pac-12 iliyofufuliwa. Hiyo Pac-12 nayo, kwa hesabu ya waliokwisha kukubaliwa hadi kiangazi cha 2025, ina wanachama tisa, mmoja wao asiye na timu ya futiboli na mwingine aliyeko San Marcos, Texas. Jina halikubadilishwa.