Mchuma Janga Hula na Wakwao: Katuni ya Watoto Waliowakimbia Wazazi

Kwa muda sasa wazazi wenzetu wa Riyadh na Jeddah wamekuwa wakituuliza kuhusu katuni za mashujaa ambazo watoto wanazisoma usiku na mchana. Swali lenyewe huwa ni lile lile: je, vitabu hivi haviwafunzi watoto utovu wa adabu? Tumeona tusijibu kwa kukisia. Tumechukua katuni ambayo jina lake peke yake linatosha kumshtua mzazi, Runaways, yaani Watoro, tukausoma mfululizo wake wa kwanza tangu mwanzo hadi mwisho.

Katuni hiyo ilianza kutolewa na kampuni ya Marvel ya Marekani mwaka 2003. Mwandishi wake ni Brian K. Vaughan na mchoraji ni Adrian Alphona, na mfululizo huo una matoleo 18. Vijana sita wa Los Angeles hukutanishwa kila mwaka wazazi wao wanapofanya kikao. Watoto wanaambiwa kuwa ni kikao cha mambo ya hisani. Usiku mmoja wanachungulia, wanawaona baba zao na mama zao wakimtoa kafara msichana mbele ya macho yao. Wanatoroka. Mdogo wao, Molly, ana miaka 11 tu. Kumbe wazazi ni genge liitwalo Pride, na polisi wa mji wamo mifukoni mwao.

Hadi hapo mzazi anaweza kusema: hayo ni ya Wamarekani, sisi hatutoi watu kafara. Lakini uzito wa hadithi haupo katika uovu wa wazazi, upo katika sababu yao. Majitu matatu ya kale yaliwaahidi wazazi hao 12 nafasi sita za kuishi milele katika dunia mpya. Mwanzoni walikuwa wakitazamana kwa husuda, nani atapata na nani atakosa. Walipoanza kupata watoto, wakakubaliana kila nyumba izae mtoto mmoja na nafasi zote sita ziwe za watoto. Basi damu yote iliyomwagika, ilimwagika kwa ajili yao. Wahenga walisema mchuma janga hula na wakwao. Wazazi hawa walichuma janga wakidhani wanawachumia wana wao urithi.

Upande wa fani, Alphona anawachora vijana hawa katika nguo zao za kila siku, bila mavazi ya kishujaa, na hilo linasaidia kuwaamini. Vaughan naye ana jambo moja la busara ambalo msomaji wa haraka hulipita: silaha wanazopigania watoto zinatoka kwa wazazi wale wale. Fimbo ya Nico ilikuwa ya mama yake, vyuma vya mikononi mwa Chase vilitoka karakana ya baba yake. Na msaliti anapojulikana, ni Alex, kiongozi wao, aliyeijua siri tangu awali na akataka kuwaokoa wazazi wake mwenyewe. Kwa hivyo aliyewatii wazazi kuliko wote ndiye aliyewauza wenzake. Hilo si fundisho la utovu wa adabu. Linauliza utii una mpaka gani.

Hapa Ghuba tulikuwa na katuni yetu wenyewe, The 99 ya Naif al-Mutawa wa Kuwait, iliyoanza mwaka 2006, na mmoja wa mashujaa wake vijana, Jabbar, ni mtu wa Saudia. Wanazuoni wa Saudia waliitolea fatwa ya kuikataza mwaka 2014. Mjadala wote ulikuwa juu ya kuwapa binadamu wa kubuni sifa zinazotokana na majina ya Mwenyezi Mungu. La mtoto na mzazi halikuguswa, kwani vijana wa katuni ile hawana ugomvi mkubwa na wakubwa wao.

Ila sisi Waswahili tulikwisha ligusa zamani. Katika hadithi za Unguja zilizokusanywa na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870 yumo Sultani Majinuni na paka wake. Paka anakula kuku, anakula mbuzi, anakula watu, na kila mashtaka yakija sultani anamkingia kifua, mpaka paka anawala wanawe sultani mwenyewe. Hapo ndipo baba anakiri kuwa huyo ni nunda. Anayekwenda kumwinda ni kitinda mimba, yule wa kukaa jikoni aliyedharauliwa. Tofauti yake na wale sita ni kwamba yeye anarudi. Kila mnyama anayemuua anamleta kwa mama yake, anaambiwa siye, anatoka tena, hadi anamleta nunda mwenyewe.

Hapa ndipo tunapoona upungufu wa Runaways. Wazazi wote wanaangamia, watoto wanapelekwa kwa walezi, wanatoroka tena. Hakuna anayepata nafasi ya kuketi na mzazi wake na kumwuliza: kwa nini? Dini yetu imeliweka sawa zaidi. Sura ya Luqman inamkataza mtoto kuwatii wazazi katika ushirikina, na papo hapo inamwamrisha akae nao kwa wema. Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie haki hata ikiwa ni dhidi ya wazazi.

Basi turudi nyumbani kwetu. Watoto wetu hapa hawana pa kutorokea, kwani ukaazi wao umefungwa kwenye iqama ya baba. Ada ya wategemezi ilipoanza Julai 2017, riyali 100 kwa kila mtu kwa mwezi, na ikapanda hadi 400 mwaka 2020, familia nyingi zilivunjika vipande viwili: baba akabaki, mama na watoto wakarudi Mombasa, Unguja au Dar es Salaam. Wapo kati yetu waliowaambia watoto kuwa wanakwenda likizo tu. Watoto waliaga marafiki kwa wiki sita, wakajua ukweli walipoandikishwa shule kule. Hatukuua mtu. Lakini tulifanya kikao chetu mlango umefungwa, tukaamua, tukadanganya, na tulipoulizwa tukajibu kama wale wa Pride: ni kwa ajili yenu.

Kwa hivyo jibu letu kwa wazazi wenzetu ni hili. Msikitupe kitabu hicho. Kisomeni kwanza, kisha mkae na mtoto mumwulize ni ukurasa gani uliomwuma. Na kama kuna jambo mlilomficha, yeye akalijua kwa njia nyingine, siku hiyo ndiyo ya kumwambia.