Picha na Maneno Yake

Kila kazi ya mikono ya mwanadamu ina kipimo chake. Shairi hupimwa kwa vina, mizani na maana. Mkeka hupimwa kwa ulinganifu wa kili zake. Jahazi hupimwa kwa mwendo wake baharini. Picha ya kamera nayo ina kipimo chake, walakini ni wachache wanaokitumia. Aghalabu twaitazama, twasema ni nzuri au ni mbaya, kisha twapita. Katika insha hii nataka tuipime picha ya mtu binafsi, ile apigwayo nyumbani au safarini akawaonyesha jamaa na rafiki zake, nasi tuulize swali moja: Je, picha yatosha kuhifadhi kumbukumbu pasipo msaada wa maneno? Mimi nasema haitoshi. Picha ni shahidi mwenye macho makali aliyezaliwa bubu. Ameyaona yote, lakini hawezi kututajia jina la mtu hata mmoja.

Zamani kupiga picha ilikuwa kazi ya mafundi. Mwaka 1888 Mmarekani mmoja, George Eastman, alianza kuuza kamera iliyoitwa Kodak, iliyokuwa na filamu ya kutosha picha 100. Mwenye kamera alipozimaliza aliirudisha nzima kiwandani, nao wakamsafishia picha zake na kumtilia filamu nyingine. Mwaka 1900 ikatoka kamera ya Brownie, iliyouzwa kwa dola moja tu. Tangu hapo picha ikashuka kutoka mikononi mwa mafundi ikaingia mikononi mwa kila mtu, na leo imo katika simu ya mfukoni. Wingi huu ni neema, lakini kila neema ina mtihani wake. Kitu kikizidi wingi, uangalifu hupungua. Bibi mwenye picha tatu katika sanduku lake aweza kukusimulia habari za zote tatu. Mjukuu wake mwenye picha elfu tatu katika simu yake, yamkini asiweze kukusimulia habari za thelathini.

Tuchukue mfano wa fundi mkubwa. Mjini Bamako, katika nchi ya Mali, alikuwako mpiga picha aliyeitwa Seydou Keïta. Mwaka 1935, alipokuwa angali kijana, ami yake alimletea kamera ndogo kutoka safari ya Senegal. Na mwaka 1948 akafungua studio yake mwenyewe. Walimjia wake kwa waume, wenyeji na wasafiri. Aliwapiga picha mbele ya kitambaa cha maua, na kitambaa chake cha kwanza kilikuwa shuka ya kutandikia kitanda chake. Asiye na saa aliazimwa saa. Asiye na redio aliwekewa redio kando yake. Kijana aliyetaka suti alipewa suti ya kuvaa kwa muda wa picha. Ukizitazama kazi hizo leo, wastaajabia jinsi alivyojua kuuweka mkono wa mtu pahali pake, na jinsi alivyolinganisha marinda ya nguo na maua ya kitambaa. Kwa upande wa sanaa, sioni dosari ya kuitaja.

Lakini sikiliza yaliyotokea. Mwaka 1991 baadhi ya picha hizo zilionyeshwa mjini New York katika maonyesho ya sanaa ya Afrika. Watazamaji walizisifu sana, na chini yake paliandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Wakati huo Keïta alikuwa hai, tena alikuwa huko huko Bamako! Ilibidi watu wafunge safari kwenda kumtafuta ndipo jina lake lirudishwe kwenye kazi yake. Mwaka 1994 picha zake zikaonyeshwa Paris kwa jina lake, na alipofariki mwaka 2001 sifa zake zilikuwa zimeenea duniani. Basi fundi alipata haki yake. Je, waliopigwa picha? Wengi wao hawajulikani majina hata leo. Twamwona mama aliyejipamba, twaona bangili zake na chale za usoni mwake, twaona fahari ya macho yake; lakini hatujui alikuwa mke wa nani, alitoka mji gani, wala alikuwa akisherehekea nini siku ile. Kwake yeye picha ile ilikuwa kumbukumbu. Kwetu sisi imekuwa pambo la ukutani. Kilichopotea si karatasi wala wino. Ni sentensi moja ambayo mtu yeyote wa nyumbani mwake angaliweza kuiandika.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hayo kwa wafanyabiashara, lakini yanawafaa pia wenye picha.

Sasa turudi kwetu Kenya, tusije tukadhani jambo hili ni la Bamako tu. Katika miaka ya 1990 wapiga picha walisimamisha vibanda vyao karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa. Ndani ya vibanda hivyo walitundika vitambaa na michoro ya meli, ndege na majumba marefu. Watu waliotoka bara kuja pwani kutafuta kazi walisimama mbele ya michoro hiyo, wakapigwa picha, wakazipeleka kwa jamaa zao. Mhakiki mwenye haraka atasema kwamba picha za namna hiyo ni uongo, kwa kuwa mtu hakupanda ndege ile wala hakulala katika jumba lile. Mimi sikubaliani naye. Picha ile ni kweli, ila ni kweli ya matumaini, si kweli ya mwendo. Mtu alikuwa akisema, "Haya ndiyo niyatakayo." Tatizo huanza pale ambapo maneno hayo hayakusemwa. Mzazi aliyebaki kijijini akidhani mwanawe amekwisha tajirika, atamtarajia alete asichokuwa nacho. Na mwana atashindwa kurudi kwa aibu. Mchoro haukumdanganya mtu. Ni kimya kilichodanganya.

Na leo je? Kijana akipiga picha mbele ya hoteli asiyoingia, au akiegemea gari lisilo lake, kisha akazieneza kwa wenzake bila ya neno, amefanya jambo lile lile. Tofauti ni kwamba kitambaa cha Likoni kilionekana wazi kuwa mchoro, ila hoteli ile ni ya mawe na gari lile ni la chuma. Kwa hiyo deni lake la kusema kweli ni kubwa zaidi.

Upande wa pili wa mizani tuweke maneno pasipo picha. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa huko Ujerumani kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Ndani yake imo habari ya Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hata Urusi na Siberia, akaisimulia safari hiyo kwa Kiswahili. Msomaji wake hahitaji kamera ili kuiona nchi ile ya baridi, maana msimulizi amekuwa macho yake. Kalamu yake yaeleza aliyoyaona na pia mshangao wa aliyeyaona. Picha ya theluji hukuonyesha weupe wake. Haiwezi kukwambia jinsi mtu wa pwani alivyouhisi ubaridi wake. Hapa ndipo maneno yanapoishinda picha.

Utanijibu, msomaji, kwamba hata maneno huweza kudanganya, na kwamba ziko picha zinazojisemea zenyewe. Hoja yako ina nguvu. Maneno peke yake hupamba kupita kiasi. Picha humrudisha msimulizi kwenye yaliyokuwako. Lakini picha ijisemeayo yenyewe husema mambo ya watu wote: furaha, huzuni, ujana, uzee. Haiwezi kusema la mtu mmoja. Mtoto anayecheka ni mtoto yeyote, mpaka uambiwe kwamba huyu ni shangazi yako, mwaka ule kabla hajaugua. Kwa hiyo sisemi tuchague moja na kutupa jingine. Nasema kila kimoja ni nusu, na nusu mbili hufanya kitu kizima.

Kuna jambo jingine ambalo mhakiki wa picha hana budi kulipima, nalo ni idhini. Macho hayana pazia, lakini mkono unaoshika kamera una mwenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Na mwaka 2019 ilitungwa sheria ya kulinda habari za watu. Lakini kabla ya sheria iko adabu. Nyanya yako akiwa kitandani mgonjwa, mwenzako akiwa analia matangani, muuza samaki akiwa katika nguo zake za kazi: hao si mandhari ya safari yako. Waombe ruhusa, na wakikataa, weka kamera chini. Picha nzuri iliyopatikana kwa kumvunjia mtu heshima ni kazi mbovu, hata kama nuru yake ni kamili.

Basi utakapotaka kuihukumu picha, iwe yako au ya mwenzako, iulize maswali manne. Ni nani huyu? Ilikuwa wapi na lini? Ni jambo gani lililokuwapo ambalo jicho la kamera halikuliona? Na je, aliyepigwa aliridhia? Picha iliyojibiwa maswali hayo ni urithi. Picha isiyojibiwa ni uso tu, na mvua ya miaka huufuta uso.

Kazi hii haingoji wataalamu. Katika nyumba nyingi iko bahasha au albamu ya picha za kale, na yuko mzee mmoja aliyebaki anayewajua waliomo. Kaa naye jioni moja. Chukua kalamu ya risasi, geuza kila picha, uandike kwa mkono mwepesi majina, mahali na mwaka ayatajavyo yeye. Akinyamaza mbele ya picha moja, usimharakishe. Huenda ndiyo yenye habari kubwa kuliko zote. Siku mzee huyo atakapoondoka, picha zitabaki zikitazama tu, wala hutapata wa kumwuliza.