Daftari Lililochomwa na Daftari Lisiloandikwa: Tabora katika Tawasifu ya Tippu Tip

Tippu Tip, katika tawasifu aliyoiandika kwa Kiswahili na Heinrich Brode akaanza kuichapisha mwaka 1902, anasimulia jinsi alivyopata utawala wa Utetera kwa kudai kwamba bibi yake alitekwa huko. Utambulisho kwake ni vazi la safari. Ulinganisho unaofaa ni Maus ya Art Spiegelman, tawasifu ya katuni iliyotoka 1986 na 1991: Wayahudi ni panya, na Myahudi anayejifanya Mpolandi huvaa barakoa ya nguruwe ambayo msomaji anaiona wazi. Hadi hapo matini mbili hizi zinakaribiana.

Zinaachana Tabora. Vladek, babaye Spiegelman, alichoma madaftari ya marehemu mkewe Anja. Mwana anamwita muuaji, na tangu hapo kila ukurasa unabeba pengo lile. Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, aliolewa na Muhammed bin Juma, babaye Tippu Tip, na ndoa hiyo ikampa mumewe nguvu Unyanyembe. Anatajwa, hasemi. Wapagazi ni hesabu ya msafara, watumwa nao ni mali. Hapana mwana anayemuuliza mzee swali hata moja. Wahakiki wanaosifu ufasaha wa Tippu Tip (naye ni fasaha kwelikweli) wameuchukua utulivu huo kuwa ukweli. Kwa msomaji wa Kitete, ambaye huenda babu yake alijitwika pembe zile hadi pwani, swali hilo bado halijaulizwa.