Nyimbo za Wengine Katika Dansi la Hisani

Neno kopi limekwisha kuzoewa na wapenzi wa dansi katika Tanzania. Bendi husemwa kuwa "yapiga kopi" iwapo haitungi, bali hupiga nyimbo zilizotungwa na kurekodiwa na wengine. Mara nyingi neno hili hutamkwa kwa dharau, kana kwamba mpiga kopi ni kasuku. Dharau hiyo yafaa ichunguzwe, maana bendi za namna hii hualikwa mara kwa mara watu wakutanapo ukumbini kuchangia jambo la wote: madawati ya shule, matibabu ya mgonjwa, au paa la zahanati.

Nyakato, iliyo upande wa mashariki wa jiji la Mwanza katika njia iendayo Musoma, ni mahali pafaapo kwa uchunguzi huo. Wasukuma wako nyumbani, lakini pamoja nao wakaa Wakerewe, Wajita, Wahaya, Wajaluo na wengineo walioletwa na viwanda, samaki na biashara ya ziwa. Hadhira ya namna hiyo haina ngoma moja ya nyumbani; waliyo nayo kwa pamoja ni nyimbo walizozisikia redioni. Ndiyo sababu usiku wa michango hauwi usiku wa nyimbo mpya. Huwa ni wa zilipendwa.

Neno zilipendwa lenyewe ni la ajabu katika sarufi. Ni kitenzi kizima kilichogeuka jina: zi- ya nyimbo, -li- ya wakati uliopita, mzizi -pend-, na mwisho wa kutendwa. Ukifuata sarufi, penzi limekwisha. Ukitazama ukumbi, watu wazima huinuka vitini mara gitaa la kwanza lisikikapo. Walakini hapana aziitaye "zinapendwa". Labda wakati uliopita hapa hausemi habari za penzi bali za wapenzi: kwamba walikuwako vijana waliozipenda, nao ndio hawa walioota mvi.

Watu hao humhukumu mwimbaji kwa maneno kwanza. Ala zikikosea kidogo husamehewa. Neno likikosewa, meza za mbele humsahihisha kwa kuliimba lililo sawa. Hapo lugha ya nyumbani hujitokeza. Kisukuma kina irabu saba na Kiswahili kina tano, tena Msukuma aliyekulia kijijini huweza kutia l mahali pa r. Kwa hiyo mwimbaji hodari wa kopi hajifunzi sauti tu. Hujifunza matamshi ya mwimbaji wa kwanza, awe wa Morogoro au wa Tanga, na wengine hufika hata kuiga pumzi zake. Hapo uhodari hugeuka kasoro. Mwimbaji wa Nyakato aachaye Usukuma wake usikike kidogo huimba kama mtu asemaye na jirani zake, na yule aliyeufuta wote hubaki kuwa santuri iliyovaa suti.

Hali ni nyingine kwa nyimbo za Kongo. Bendi nyingi za Tanzania ziliimba Lingala bila kuielewa, nazo kopi za siku hizi huiga hata makosa ya waigaji wale. Ukumbini ni wachache wawezao kusahihisha. Basi maneno huwa ala miongoni mwa ala, na msiba huimbwa kwa uso wa arusi.

Lakini lililo gumu kupita yote ni jina. Mshairi wa utenzi ana desturi ya kujitaja katika beti za mwisho, na ningi, yaani mtunzi wa Kisukuma, hujitaja mbele ya watu katika mashindano ya Bagika na Bagalu. Bendi za dansi zilifanya vivyo hivyo: zilitia ndani ya wimbo jina la bendi na majina ya wapigaji wake. Mpiga kopi afanyeje afikapo hapo? Wako waliachao jina la kale mahali pake. Wako watiao jina la bendi yao. Na katika usiku wa hisani wako watiao jina la mgeni rasmi, ili mkono wake uende mfukoni upesi. Hili huchekesha, na hapana shaka huleta fedha.

Hata hivyo hasara yake si ndogo. Mbaraka Mwinshehe aliimba na Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973, akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979. Jina la bendi ndani ya wimbo wake humwonyesha msikilizaji ni Mbaraka wa miaka ipi. Likifutwa, kijana ajifunzaye wimbo huo ukumbini hatajua kwamba kulikuwa na jambo la kuuliza. Wimbo wa Malaika ni mfano ulio wazi. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akauimba, kundi la Boney M likautoa mwaka 1981, Angélique Kidjo akaurekodi baadaye. Na Adam Salim alidai kuwa ndiye aliyeutunga. Fadhili alifariki mwaka 2001, nao ubishi haukufa naye.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yampa mtunzi haki ya kutajwa. Lakini ukumbini hutawala desturi ya kutunza. Mtu aliyependezwa humwendea mwimbaji akambandika noti kwenye paji la uso. Siku nyingine fedha hiyo ni ya mwimbaji. Usiku wa hisani ni ya nani? Lugha imekwisha kupambanua: mchango huenda kwa jambo, tunzo huenda kwa mtu. Bendi iliyokubali kupiga bila malipo huweza kuweka ndoo moja mbele ya jukwaa, vyote viwili vikaingia humo bila ugomvi. Mwenye wimbo hana ndoo wala paji la uso; angalau mshereheshaji angemtaja kabla ya gitaa kulia, kazi ya nusu dakika. Mtunzi na tunzo hufanana kwa sauti tu. La kwanza latokana na kutunga, la pili na kutunza, na ukumbini pia hawajakutana.