Bullitt: tunasifu moteri, tunasahau amotiseri

Wandugu, kila mara filamu ya Bullitt (1968) inapotajwa kati yetu, maneno ni yale yale: Steve McQueen, ile Mustang ya kijani, mlio wa moteri. Mimi nimeitazama mara mingi, na naona sifa zetu zinakwenda pahali pasipo penyewe.

Angalia vizuri ule mkimbizano wa San Francisco, karibu dakika 11. Muziki wa Lalo Schifrin unanyamaza, tunabaki na moteri na matairi. Mustang inaruka kwenye vilima, inaanguka na uzito wake wote, kisha inaendelea tu. Ile ya kawaida ilikuwa laini sana kwa kazi hiyo. Njo maana fundi Max Balchowsky aliimarisha sehemu zinazoshika amotiseri za mbele, akaweka na resori ngumu zaidi. Filamu haisemi neno juu ya kazi yake. Kwangu mimi, yeye ni mwigizaji wa pili.

Basi nawashangaa wapenzi wa motokari za zamani wanaosema kwamba ukigusa resori ao freni za kiwanda, umeharibu historia. Historia gani? Motokari wanayoiabudu yenyewe iliguswa!

Tena Mustang mingi za wakati ule zilitoka kiwandani na freni za ngoma. Diski za mbele zililipiwa pembeni. Ukikanyaga mara kwa mara kwenye mteremko, ngoma inapata moto, inapanuka, inakimbia viatu vyake, na pedali inashuka bure. Diski inabanwa pande mbili, upepo unaipoza. Lakini diski peke yake haitoshi. Freni inasimamisha gurudumu. Tairi njo inasimamisha motokari. Amotiseri ikikufa, tairi inadundadunda juu ya barabara, sasa diski itashika nini?

Pale McQueen anapopita kona, magurudumu yanafunga, anarudi nyuma ndani ya moshi wa matairi, pale njo filamu inasema ukweli: motokari nzito imekataa kusimama. Peter Yates alifanya vizuri kuiacha.

Kisha anasahau. Ile Volkswagen ya kijani inayopitwa mara kadhaa, mimi naisamehe (montaji ya Frank P. Keller ilipata Oscar, na ilistahili). Nisichosamehe ni freni zisizochoka, miteremko yote ile. Kijana anatoka pale akiota moteri kubwa peke yake.

Ford yenyewe, ilipotoa Mustang ya jina Bullitt mwaka 2001, iliishusha chini kidogo, ikaipa na diski kubwa zaidi mbele.

Mwenye kuwa na filamu aitazame tena, apunguze sauti, aangalie magurudumu ya mbele tu.