Nyasi za Turkana, Ayala wa Texas

Ukitaka kujua kama ranchi ya ng'ombe kusini mwa Texas ina ayala wa kuwindwa, usianzie kwenye dungu la mwindaji. Piga magoti malishoni baada ya mvua za masika ya huko, tenganisha mashina ya nyasi kwa mikono, utazame kilichoota katikati. Ukikuta magugu laini ya majani mapana, ayala wapo na wana afya. Ukikuta nyasi tupu, jua mwindaji atakayekuja Novemba amekodi dungu la kukalia tu.

Ayala ninayemzungumzia ni yule wa mkia mweupe. Wengi humwita kulungu, lakini kulungu wa kwetu huzeeka na pembe zake, ilhali dume la ayala huangusha zake kila mwaka na kuotesha mpya. Katika Texas, zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni mali ya watu binafsi. Kisheria mnyama ni wa umma, ila mlango wa kumfikia ni wa mwenye shamba, na huo ndio anaoukodisha. Kodi ya uwindaji ni mavuno yake ya pili, na kwenye ranchi nyingi za kusini imeshazidi faida ya ng'ombe wenyewe. Ndiyo maana inafaa kuchambua jinsi wanyama wawili wanaocheua wanavyolishwa kwenye shamba moja bila mmoja kumlia mwenzake riziki.

Siri iko tumboni, na sehemu kubwa ya elimu hiyo ilipatikana Nairobi. Reinhold Hofmann, mtaalamu wa Kijerumani wa anatomia aliyefundisha huko, alipasua na kupima matumbo ya wanyamapori wanaocheua wa Afrika Mashariki, na mwaka 1973 kitabu chake kikachapishwa Nairobi hapo hapo. Nyati na kongoni aliwaweka upande wa walaji nyasi: tumbo kubwa, chakula hukaa humo muda mrefu kikichachuka. Digidigi na swala twiga aliwaweka upande wa wachaguzi: tumbo dogo, chakula laini kinachopita haraka. Ng'ombe ni mwenzake nyati. Ayala yuko na digidigi. Mjaze nyasi zilizokomaa na atakonda tumbo likiwa limejaa. Hata mdomoni tofauti inaonekana: ng'ombe huzungusha ulimi kwenye fungu la nyasi akalikata kwa mkupuo, ayala huchuma jani moja moja kwa ncha ya midomo.

Hapo ndipo hesabu ya wafugaji wengi huharibika. Ng'ombe wa kilo 450 hula takriban kilo 12 za malisho makavu kwa siku, kiasi cha kutosha ayala sita au saba. Mtu akaona kwamba akiuza ng'ombe mmoja amepata nafasi ya ayala saba. Haiendi hivyo, kwa sababu sahani zao ni mbili. Ng'ombe wa kadiri hupunguza nyasi, jua hufika ardhini, na magugu huchipua. Wakizidi, nyasi huisha, nao hugeukia magugu na vichaka. Sahani inabaki moja, na mwenye mdomo mkubwa ndiye anayeimaliza. Kanuni ya wafugaji wazuri ni kulisha nusu ya nyasi na kuacha nusu, na mimi naiona ndiyo kazi kubwa kuliko yote ya uwindaji, ingawa hufanyika miezi mingi kabla ya risasi ya kwanza.

Kosa zito lilifanyika kwa nia njema. Katika miaka ya 1940, Wamarekani walianza kusambaza kusini mwa Texas nyasi ya Kiafrika iliyostahimili ukame, mbegu yake ikiwa na asili ya bonde la Turkana. Vichaka viling'olewa kwa matrekta, nyasi ikapandwa, ng'ombe wakanenepa. Lakini nyasi hiyo hutanda hadi magugu hayapati pa kuchomoza. Kwa ng'ombe ni karamu, kwa ayala ni jangwa la kijani. Mfugaji anayetaka wote wawili huacha mikanda mipana ya vichaka, ikiwemo mesquite, jamaa wa mti wa mathenge unaowasumbua watu wa Baringo. Kule Texas maganda ya mesquite humvusha ayala kiangazi.

Uzio nao una ufundi wake. Unatakiwa umzuie ng'ombe na kumpitisha ayala. Waya wa chini huwekwa laini, bila miiba, kama sentimita 40 kutoka ardhini ili mtoto apenye. Kati ya nyaya mbili za juu huachwa kama sentimita 30. Zikikaribiana, ayala anayeruka huingiza mguu wa nyuma katikati, nyaya hujisokota, naye hufa akining'inia.

Watoto wa ayala huzaliwa zaidi mwezi wa saba, na mama huwaficha kwenye nyasi ndefu wasionwe na koyote. Kwa hiyo padoki chache hupumzishwa majira hayo. Msimu wa uwindaji ukikaribia, ng'ombe huhamishwa kutoka padoki zenye madungu, kwa usalama wao na kwa kuwa ayala hupenda kukaa mbali na kundi.

Kuna gharama ambayo mfugaji wa kwetu ataielewa upesi. Karibu na mpaka wa Mexico, ayala hubeba kupe wa homa ya ng'ombe. Ng'ombe unaweza kumpeleka joshoni. Ayala huwezi. Huwekewa mahindi yenye dawa, nayo husimamishwa mapema kabla ya msimu ili nyama iwe salama kwa mlaji.

Ndipo mavuno. Ayala huhesabiwa kwa taa usiku au kwa helikopta, na kwa ranchi zilizo katika mpango wa jimbo, vibali hutolewa kulingana na hali ya shamba. Kila mwindaji anataka dume la pembe pana, lakini shamba hupona kwa kupunguza majike, nayo ni kazi ngumu kuwashawishi watu kuifanya.

Kila mzoga hupimwa uzito na taya lake huchunguzwa. Jino la tatu la shavuni ndilo linaloangaliwa kwanza: la utotoni lina vilele vitatu, na mnyama akifikisha takriban mwaka mmoja na nusu hubadilishwa na lenye vilele viwili. Kwa hiyo mfugaji hujua wa rika moja ni wepi, akalinganisha kilo zao na za mwaka uliopita. Wakija wepesi miaka miwili mfululizo, hashughuliki na wawindaji kwanza. Anapakia mitamba kwenye lori na kuwapeleka mnadani kabla kiangazi hakijaanza.