Pongezi kwa Mhadhiri Aliyeandika Tamthilia

Taarifa ya pongezi ya chuo kikuu cha umma ni utanzu kamili wa fasihi, nami nimeisoma kwa miaka mingi kama mtu asomavyo mashairi ya arusi. Ina kanuni zake. Huanza na neno “tunajivunia”. Hufuata jina lenye vyeo viwili au vitatu mbele yake, kisha ruzuku iliyopatikana, makala iliyochapishwa, nafasi ya chuo katika orodha ya Webometrics, timu ya wanafunzi iliyorudi na kikombe. Kuna picha: cheti, tabasamu, suti, pazia la bluu. Nyingi nilizosoma zimeandikwa kwa Kiingereza, hata pale anayepongezwa anapofundisha Kiswahili. Na kama arusi, hakuna anayeuliza swali gumu.

Sina neno na pongezi zenyewe. Watu hawa wanafanya kazi katika mazingira tunayoyajua. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49 wakidai Sh7.9 bilioni zilizotokana na mkataba wa miaka ya 2017 hadi 2021. Mtu anayefundisha, kusahihisha na kutafiti huku akidai mshahara wa mkataba uliokwisha zamani anastahili kupigiwa makofi, na ikiwezekana alipwe. Shida yangu ni moja tu: orodha hizi zinahesabu nini? Maana ukichukua kigezo rahisi kabisa, kwamba kazi ya mhadhiri iguse maisha ya raia wengi waliolipa kodi iliyomsomesha, basi mafanikio makubwa zaidi ya wahadhiri wetu katika miaka thelathini hivi iliyopita ni tamthilia na riwaya za Kiswahili. Wala sitii chumvi.

Chukua Kithaka wa Mberia. Mchana alikuwa mwanaisimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mtu wa fonolojia na sintaksia. Saa nyingine aliandika Natala, iliyotoka 1997, Kifo Kisimani, 2001, na Maua kwenye Jua la Asubuhi, 2004, pamoja na diwani kadhaa za mashairi huru. Vitabu hivi alivichapisha kwa jina la Marimba Publications, shirika lake mwenyewe. Kifo Kisimani kikawa kitabu teule cha KCSE katika miaka ya 2000, setibuku kama tulivyoiita, na kwa sababu hiyo kuna Wakenya wengi sana wenye umri wa miaka thelathini na kitu ambao hawajawahi kusoma makala ya jarida la kitaaluma lakini ukiwatajia Mtemi Bokono watacheka na kuanza kukupa sifa zake, moja, mbili, tatu, na mfano kwa kila moja.

Nimeirudia tamthilia hiyo hivi karibuni bila mtihani kichwani, na naona imezeeka vizuri mahali ambapo mwalimu wangu hakupigia mstari. Mwelusi, shujaa wake, ananichosha kidogo. Anasema kweli kila anapofungua kinywa, na mtu wa namna hiyo jukwaani ni mgumu kumvumilia hata ukikubaliana naye. Mtu anayenishika ni Gege, ndugu yake. Utawala wa Butangi unamiliki kisima, na kila mwenye kiu lazima apite mbele ya wenye nguvu. Hiyo ni siasa iliyo wazi, hata mtoto ataielewa. Lakini Gege hanunuliwi kwa maji. Ananunuliwa kwa ahadi ya kumwoa Alida, binti wa Mtemi. Anamuua ndugu yake kwa ajili ya kuingia nyumba ya wakubwa kwa mlango wa ukwe. Mberia ameelewa kitu ambacho hotuba za Mwelusi hazikisemi: kwamba dhuluma hapa kwetu haiendeshwi na askari peke yao, inaendeshwa pia na tamaa ya kijana wa kawaida ya kuitwa mkwe. Ukitaka kujua kwa nini mtu msomi na mpole hugeuka msemaji wa serikali katika wiki moja, mtazame Gege.

Natala nayo naipenda zaidi ya wengi. Watu huifundisha kama tamthilia ya kutetea wanawake, na ndivyo ilivyo: mjane anakataa kurithiwa na shemeji ambaye macho yake yako kwenye shamba. Ila ninapoisoma naona pia mochari, maiti isiyotolewa bila mkono kulainishwa, na cheti cha ardhi ambacho kila mwanamume anadhani kiko salama zaidi mfukoni mwake. Mwandishi anaijua ofisi ya Kenya. Anajua jinsi karani anavyokawia kabla ya kujibu. Nguvu za tamthilia ziko humo, katika ucheleweshaji, kuliko katika midahalo ya haki ambapo wahusika wakati mwingine huongea kana kwamba wako kwenye semina. Kuhusu Maua kwenye Jua la Asubuhi nitasema hili tu: ilishughulikia wanasiasa wanaochochea majirani kuuana miaka mitatu kabla ya Desemba 2007. Nani aliitoa taarifa ya pongezi?

Naweza kusikia jibu la afisa wa chuo: lakini hiyo si utafiti. Hapo ndipo tunapogombana. Kyallo Wadi Wamitila, naye aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa Kamusi ya Fasihi mwaka 2003 na Kamusi Pevu ya Kiswahili mwaka 2016. Hizo bila shaka zitaitwa utafiti. Lakini pia aliandika Bina-Adamu! (2002) na Musaleo! (2004), na mimi siwezi kuzitenganisha na kamusi. Katika Bina-Adamu! msimulizi anazunguka dunia akitafuta chanzo cha masaibu yake, anasikia sauti, anapita katika mabaki ya historia ya watu wengine, mpaka anamkaribia P.P., Peter Pan, mtoto anayekataa kukua na ambaye dunia nzima imekuwa sanduku lake la michezo. Ni riwaya fupi. Ukiisoma ukitafuta ploti utaitupa ukurasa wa ishirini. Ni kitabu cha mtu aliyesoma kila kitu na ambaye hataki kukuficha hilo, na kuna kurasa ambazo natamani angejizuia, maana dokezo la tatu katika aya moja halinipi mwanga, linanipa jasho. Hata hivyo, Kezilahabi alipoandika Nagona na Mzingile kule Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1990, alifungua njia ambayo ingeweza kuota nyasi. Wamitila aliipita, akaongeza kejeli na utandawazi, akaonyesha kwamba Kiswahili cha Kenya, kile tunachoambiwa ni cha vitabuni na kigumu kama mti mkavu, kinaweza kuota ndoto. Hayo ni matokeo ya utafiti. Ameyatoa kwa njia ya riwaya tu.

Sasa nije kwa wanafunzi, maana nao wana mafanikio ambayo hayapigiwi baragumu. Katika idara zetu za Kiswahili mwanafunzi wa uzamili huandika tasnifu yake kwa Kiswahili. Tumelizoea jambo hili hata hatulioni. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza hapo Nairobi ivunjwe, na kwamba Afrika, fasihi simulizi zake na lugha zake ziwe kitovu. Waraka huo unasifiwa duniani kote, kwa Kiingereza, na Idara ya Fasihi iliyozaliwa iliendelea kufundisha zaidi kwa Kiingereza. Waliotekeleza sehemu ngumu zaidi ya wazo hilo, kuhakiki kwa lugha ya hapa kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ni watoto wa watu wasiojulikana waliokaa maktaba wakipambana na usimulizi, mwingilianomatini, umtindo, usemezano. Mtu akiniuliza Kiswahili kimefanya nini chuoni, nitamwonyesha rafu hizo.

Baada ya kuwasifu, niwaseme. Nimesoma tasnifu nyingi kuhusu riwaya na tamthilia nilizozitaja, na karibu zote zina mifupa ile ile: swala la utafiti, malengo, nadharia tete, sababu za kuchagua mada, upeo na mipaka, misingi ya nadharia, yaliyoandikwa kuhusu mada. Unapofika sura ya nne, ambapo kitabu chenyewe kinaanza kusomwa, umechoka kama aliyepanga foleni ya Huduma Centre. Halafu kitabu kinamiminwa ndani ya nadharia kama mahindi kwenye posho mill, na kinatoka unga. Ukiingiza Kezilahabi, unga. Ukiingiza Mberia, unga ule ule. Nadharia tete zilizowekwa sura ya kwanza daima huthibitishwa sura ya tano. Sijakutana na moja iliyokataa. Na kitu ninachokitafuta zaidi sikipati: mwanafunzi anayesema kitabu hiki ni kizuri kwa sababu hii, au kwamba mwandishi ameharibu hapa. Hakuna anayechoshwa na Mwelusi. Kwani wote wanampenda?

Naelewa hofu. Mwandishi unayemhakiki anaweza kuwa ndiye atakayekuwa mtahini wako wa nje, au alimfundisha msimamizi wako. Ulimwengu wa fasihi ya Kiswahili ni mdogo kama kijiji, na mtoto wa kijiji hasemi mbele ya wazee kwamba mchuzi umezidi chumvi. Matokeo yake ni mzunguko uliofungwa: mhadhiri anaandika riwaya, mwanafunzi wa mhadhiri mwenzake anaiandikia tasnifu, tasnifu inawekwa maktaba, na mtu wa matatu anayeshuka Kencom na riwaya hiyo mkononi hajui kwamba kuna aliyewahi kuifikiria.

Mlango pekee wa kutoka katika mzunguko huo umekuwa setibuku. Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, naye mwalimu wa chuo kikuu, zimesomwa na kila mtahiniwa wa KCSE wa miaka hii. Mlango huo una ushuru wake. Nchi ya Matuo ambamo Mangwasha anahangaika ni nchi tunayoitambua mara moja, na Momanyi ana jicho kali kwa jinsi chuki ya kikabila inavyoingia hadi chumba cha kulala. Ila riwaya inafunga karibu kila fundo, na unahisi mkono wa mwalimu ukihakikisha mtoto hataondoka darasani na swali lisilo na jibu katika mwongozo. Arege ameponea zaidi. Ndani ya nyumba ya Sara na Yona kuna uchungu wa zamani ambao hausafishwi na toba ya mume mzee, na swali la nani amtunze mama mgonjwa, bintiye aliyeolewa akiomba ruhusa ya mume, linabaki linawasha. Nimesikia watu wazima wakilibishania, watu ambao hawana mtoto Kidato cha Nne.

Na mlango huo sasa unapunguzwa. KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 ni ya 2027. Katika shule ya upili ya mtaala mpya, iliyopokea Gredi ya 10 ya kwanza Januari 2026, Fasihi ya Kiswahili ni somo la kuchagua. Anayeelekea uhandisi au udaktari anaweza kumaliza shule bila kukutana na Bokono wala mrithi wake. Sijaona chuo kikuu hata kimoja cha umma kikilisemea hilo kwa sauti, ingawa ndicho kilichowalea waandishi hao na ndicho kitakachopokea wanafunzi hao.

Vyuo hukumbuka kwa kuchelewa, hilo linajulikana. Wangari Maathai alipata uzamifu wake Nairobi mwaka 1971, akajiuzulu 1982 ili agombee ubunge, akanyimwa nafasi ya kugombea na pia kazi aliyoiacha; leo chuo kina taasisi yenye jina lake. Ngũgĩ alikamatwa mwishoni mwa 1977, akaachiliwa baada ya mwaka mmoja, na hakurudishiwa darasa lake. Alipofariki Mei 2025, sote tulikuwa watoto wake.

Kwa hiyo sisubiri taarifa ya pongezi. Ninachotaka ni kidogo zaidi, na naweza kukiomba hapa hapa. Wewe uliyemaliza tasnifu yako ya uzamili kuhusu Natala, Musaleo! au diwani yoyote ya Mberia, una sura ya nne iliyolala maktaba. Itoe. Ondoa malengo, ondoa nadharia tete, ondoa “kwa mujibu wa” kumi na saba za kwanza. Andika aya moja mpya inayosema ulipokipenda kitabu na ulipokichukia, kisha uitume kwenye jarida hili. Nitaisoma, na kama umemtetea Mwelusi tutakosana.